Kona ya Tatu

Usiniulize kama inauma, wifi yangu.
Inauma.
Atakayekwambia ni kama kupiga chafya
huyo hajazaa, au amesahau,
au ana kitu anakuuzia.

Lakini nikwambie hili kabla tumbo lako halijashuka:
njia nilikuwa naijua. Sikujua tu kwamba naijua.

Miaka tisa nimebeba unga kutoka ziwani hadi Kadutu,
gunia mgongoni, mkanda kwenye paji la uso,
matope ya Novemba yakinivuta visigino.
Hakuna aliyenifundisha kupumua.
Mlima ndio ulionipa mdundo:
hatua mbili kuvuta, hatua tatu kutoa,
midomo wazi kidogo, kama anayepoza uji.
Na macho? Macho kwenye jiwe lililo mbele,
si kileleni. Ukitazama kilele, gunia linazaa gunia.

Usiku ule katika maternite umeme ulikatika mara mbili.
Mvua ilikuwa inamwaga maharage juu ya bati.
Nimeshika chuma cha kitanda,
meno yamebanana, mabega yamepanda masikioni,
natoa ile sauti nyembamba
ya kuku aliyeona kisu.
Mama Cibalonza akasimamisha simu dirishani, taa ikitazama ukuta,
akavuta kigoda, akaniuliza:
“Nsimire, pale kwenye kona ya tatu,
chini ya lile bomba lililovunjika,
unapumuaje?”

Nikadhani amelewa.
Mwili ukajibu kabla yangu.

Pua: moja, mbili, tatu, nne.
Mdomo: moja, mbili, tatu, nne,
tano,
sita.

“Legeza taya,” akasema.
“Mdomo wa juu na mlango wa chini ni ndugu.
Mmoja akinuna, mwenziwe anaweka komeo.”

Nikashusha sauti. Ikatoka tumboni, nzito,
mlio wa ng'ombe anayeita ndama wake jioni.
Uchungu ukaja. Sikuukimbia.
Niliupanda.
Unaanza kiunoni, kama mtu anayekaza kamba,
unapanda, unapanda,
unafika pale ambapo sisi wabebaji hutukana,
halafu, tega sikio hapa,
unashuka wenyewe.
Hakuna mlima Bukavu usio na mteremko.
Na ukiwa mteremkoni, usihesabu milima iliyobaki.
Kunywa chai. Fumba macho.
Mimi nilikoroma, wanasema,
kati ya uchungu na uchungu.

Kaka yako Bisimwa alikuwa mlangoni, anapumua pamoja nami
kwa bidii hata akashikwa na kizunguzungu,
wakamkalisha juu ya ndoo.
Usimcheke.
Mcheke kidogo.

Kuna wakati pumzi iliniponyoka, sitakudanganya.
Karibu na alfajiri. Nikasema siwezi, nirudisheni nyumbani,
nikamtaja mama yenu kwa maneno ambayo sitayarudia.
Mama Cibalonza hakunikemea.
Aliweka paji lake juu ya paji langu,
palepale mkanda ulipochora alama,
akapumua yeye, kwa sauti,
mpaka nikaazima ya kwake.

Kisha akasema: “Usisukume bado. Hema.
Fupi, fupi, fupi,
kama unapuliza kaa ambalo hutaki liwake.”
Kichwa kikaja taratibu,
kama mgeni mrefu kwenye mlango mfupi,
ameinama kwa adabu.
Sikuchanika.

Halafu kimya.
Chumba kizima, watu wanne na mvua,
tukasahau lile tulilofanya usiku kucha.
Mpaka yeye, Ntakwinja, akavuta ya kwanza,
bila kuhesabu, bila mwalimu,
akaitoa kwa hasira.

Njoo kesho tushuke hadi ziwani.
Bila gunia, mikono mitupu.
Wakati wa kurudi nitatembea nyuma yako.
Ukifika kona ya tatu usiongee.
Nataka nikusikie.